Juma Moja Mbele

Kwekwe, 12 Februari 1995

Dada Vida mpendwa,

Sisi huku hatujambo, ila mvua imetususa tena. Bustani ya Sarina imebaki vumbi na kuku wawili wenye hasira. Binti yetu Alegra ameandika kutoka Cape Town kwamba amepandishwa cheo kazini, na kwa kuwa hakuandika neno lolote juu ya mchumba, mama yake amenuna siku mbili. Duka linakwenda. Baiskeli haziachi kuharibika, Mungu ashukuriwe.

Sasa habari yenyewe. Mzee Salvo Tarica ametutoka, wiki tatu zimepita. Unajua maana yake. Tangu baba afariki, Salvo ndiye aliyekuwa akitusomea Torati kila Sabato, na hakuna mwingine kati yetu awezaye kusimama mbele ya gombo. Tumebaki wanaume kumi na mmoja. Kumi wanatosha kulifungua, lakini gombo halijisomi. Sabato tatu sasa mwenyekiti wetu, Ruben Codron, anatusomea kutoka kitabu cha kuchapwa, sauti bapa, utadhani anahesabu mali ghalani.

Jumapili akatuita. Akasema magombo matatu hayawezi kukaa kabatini bila kazi. Tukifika mwisho wa kitabu cha Hesabu, yaani mwisho wa Julai, bila msomaji wetu wenyewe, atayapeleka Johannesburg na sinagogi atalifunga. Watu wakatazama sakafu. Mimi, sijui nini kilinisukuma, nikasema, "Nitasoma mimi."

Walicheka, Dada. Bohor Hasson, ana miaka themanini na minne na macho yake yamekwisha, akauliza, "Nani amesema hivyo?" Walipomwambia akacheka kuliko wote.

Herufi za Kiebrania nazijua. Lakini gombo halina irabu wala alama za sauti. Lazima kila neno uwe umelishika, na wapi pa kupanda na wapi pa kushuka. Kichwani mwangu mna minyororo na breki tu. Wewe unayo yote. Nisomee kwenye kaseti, fungu la kila juma, polepole, nitajifunza kwa masikio. Usiniambie siwezi.

Mdogo wako,
Nissim

*

Ashdodi, 28 Februari 1995

Mdogo wangu Nissim,

Barua yako nimeipata jana. Nimemlilia Salvo, kisha nikakucheka wewe, kisha nikalia tena. Mimi mzima, magoti tu yanagoma nikipanda ngazi. Bado napika kwenye shule ya chekechea. Watoto sitini, na wote wanadai burekas, zile sambusa za jibini, hawataki za mchicha. Mwanangu Davi yuko jeshini na huniletea nguo chafu kila wiki mbili, ndiyo salamu zake.

Sitakuambia huwezi. Nitakuambia tu u mvivu, na hilo ni jambo lingine.

Unakumbuka Alhamisi jioni? Baba anakuweka mezani kukufundisha fungu la Sabato, na wewe macho dirishani, kwenye mpira. Mimi nilikuwa jikoni nachambua dengu. Hakuna aliyenifundisha. Yaliniingia yenyewe, aya baada ya aya. Siku moja baba akateleza neno, nami nikalitaja kwa sauti kutoka jikoni bila kufikiri. Sikusikia alijibu nini. Alhamisi iliyofuata mlango wa jikoni ulifungwa, na ukafungwa kila Alhamisi mpaka nilipoolewa. Miaka arobaini na zaidi najiuliza. Wewe ulikuwa naye chumbani. Alisema nini?

Nimekutumia kaseti tatu. Juu ya kila moja nimeandika tarehe ya Sabato yake. Ya kwanza ni ya 25 Machi, habari za wana wawili wa Haruni walioleta moto ambao hawakuagizwa, wakateketea. Kila mwaka nafika hapo najiuliza kama walikuwa wabaya au walikuwa na hamu tu. Baba yao hakujibu kitu. Mimi ningepiga kelele mpaka wingu likimbie.

Sharti langu ni moja. Wakikuuliza nani amekufundisha, uwaambie.

Dada yako,
Vida

*

Kwekwe, 26 Machi 1995

Dada,

Sarina anakusalimu na anauliza magoti unayapaka nini. Kuku amebaki mmoja. Maji tunapewa siku tatu kwa wiki.

Nimesoma! Jana, fungu zima. Nilikosea mara kumi na tisa; nimeambiwa hesabu kamili na Codron, aliyekuwa na kitabu mkononi na furaha usoni kila nilipoteleza. Unajua taratibu: kosa la maana unarudishwa, unalisema upya mbele ya watu wote. Shati lote lilikuwa maji. Lakini nilifika mwisho.

Nilijifunza dukani. Kaseti inaimba tangu asubuhi tukifungua mpaka jioni tukifunga, na fundi wangu Ngwenya, ambaye kwao wanasali kwa ngoma Jumapili nzima, ameshika sauti zote bila kujua neno hata moja. Niko chini ya baiskeli naimba zangu, mara nasikia, "Bosi, hapo mama hashuki. Mama anapanda." Narudia. "Bado. Mama ana huruma hapo, wewe unagomba." Nimempandisha cheo, sasa ni fundi wa baiskeli na mkaguzi wa Torati.

Kuhusu wana wa Haruni, mimi naona walitaka sifa. Mtu anayetaka sifa huleta moto wake mwenyewe. Nasema hivyo nikijua nilivyovimba kichwa jana wazee waliponipa mkono.

Tuma nyingine. Wameanza kuniita Rabi Kaseti. Waniite.

Nissim

*

Ashdodi, 10 Aprili 1995

Mdogo wangu,

Heri ya Pasaka kwako na kwa Sarina. Nimepiga deki nyumba nzima nikitafuta chembe za mkate, nimepata funguo zilizopotea mwaka juzi. Magoti napaka mafuta ya kafuri, mwambie, hayasaidii lakini yananukia.

Makosa kumi na tisa kwa mtu wa breki si haba. Mnunulie Ngwenya zawadi.

Sabato iliyopita tulisoma habari za mwenye ukoma aliyepona. Hapo zamani nilikuwa nalichukia fungu hili, madoa na nywele nyeupe na ndege wawili. Mwaka huu, nilipokuwa nakusomea, nimeona kitu. Mgonjwa ametolewa nje ya kambi, hawezi kurudi mwenyewe. Kuhani ndiye anayetoka nje kwenda kumwangalia. Yaani aliyekutoa ndiye anayepaswa kufunga viatu akufuate huko huko uliko. Nilizima kinasa sauti, nikaianza aya ile upya.

Nakuwekea kaseti nne pamoja, kwa sababu posta italala siku za sikukuu. Hukunijibu nililokuuliza.

Vida

*

Kwekwe, 30 Aprili 1995

Dada,

Pasaka imepita salama. Alegra alikuja siku nne, akala, akalala, akaondoka. Bado hakuna mchumba. Sarina amehamia kwenye maombi.

Umeniua, Vida. Umeniua mbele za watu!

Ijumaa nilichukua kaseti uliyoandika tarehe 29 Aprili, nikalifungua gombo mahali pake, "Iweni watakatifu," nikafanya mazoezi mpaka Ngwenya akasema, "Leo hata mimi sina neno." Jana nikapanda jukwaani kifua mbele. Nikasoma mstari wa kwanza. Codron akapiga meza.

"Nissim! Unakwenda wapi?"

"Nasoma."

"Unasoma fungu la wiki ijayo! Sisi tuko kwenye mbuzi wawili wa upatanisho!"

Kumbe ni kweli. Kwenu Israeli Pasaka ni siku saba, kwetu huku nje ya nchi hiyo ni nane, na mwaka huu siku ya nane imeangukia Sabato. Ninyi siku hiyo mmekula mikate yenu laini mkasoma fungu lenu, sisi tulikuwa bado tunatafuna mikate mikavu na kusoma ya sikukuu. Kwa hiyo mmetutangulia juma moja, na wewe umehesabu kwa kalenda ya ukutani kwako. Bohor Hasson ndiye aliyeeleza, anafuta machozi ya kicheko.

Tukakunja gombo kurudi nyuma. Mbuzi wawili sikuwahi kuwaona; kaseti yao, ya tarehe 22, niliiruka kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu. Codron akawa ananisomea neno kutoka kitabuni, mimi nalirudia kutoka gomboni, neno kwa neno, kwa muda wa saa mbili na nusu. Mayai ya Sarina ya chakula cha mchana yalikauka. Nilitaka kukuandikia matusi.

Halafu leo asubuhi, nikiwa napiga mswaki, nikaelewa. Fungu la wiki ijayo ninalo tayari! Kila kaseti utakayotuma kwa tarehe zako itakuwa imenitangulia juma zima. Mimi mtu wa kichwa kigumu, juma moja zaidi ndilo nililokuwa nalihitaji. Usirekebishe kitu. Endelea kukosea hivyo hivyo.

Codron baada ya ibada akauliza huyo mwalimu wangu wa Ashdodi ni nani, mbona hajui kalenda. Nikampa jibu la kumtosha.

Nissim

*

Ashdodi, 15 Mei 1995

Mdogo wangu Nissim,

Nisamehe! Nilisoma barua yako kwenye basi nikacheka mpaka mama mmoja akahama kiti. Miaka kumi na tano hapa imenitosha kusahau siku ya nane. Sisi wazima. Davi amepata malengelenge mguuni na analalamika kuliko mwanamke wa kujifungua.

Na angalia Mungu anavyotania. Fungu lenyewe nililokutegea ndilo lenye amri ya kutotia kikwazo mbele ya kipofu. Nilikuwa nakusomea aya hiyo huku nakutilia kikwazo. Mwaka huu nimeielewa: si lazima uwe mbaya ili umwangushe mtu. Inatosha kuwa na uhakika.

Basi, tutakwenda hivyo hivyo, mimi mbele, wewe nyuma. Lakini fungua macho. Majuma yetu yatakutana tarehe 29 Julai. Siku hiyo ninyi mnasoma mafungu mawili kwa mpigo, ya mwisho ya kitabu cha Hesabu, ili mtufikie. Aya mia mbili arobaini na nne, Sabato moja. Hakuna usomaji mrefu kuliko huo mwaka mzima. Juma nililokupa kwa kosa, siku hiyo utalirudisha. Na ndiyo siku aliyoitaja Codron. Anza kujipanga.

Jibu la kumtosha ni lipi?

Vida

*

Kwekwe, 18 Juni 1995

Dada,

Hatujambo. Baridi imeanza, Sarina amefuma sweta ambalo mikono yake hailingani. Biashara nzuri.

Jana nilikosea mara mbili tu. Mbili! Codron alitafuta ya tatu hakuipata, akakunja uso. Tulisoma wana wa Israeli wakilia jangwani wakikumbuka samaki wa Misri, matango na vitunguu. Nilitazama watu wetu, wote wanaoga kwa ndoo, nikaona hakuna hata mmoja anayewalaumu.

Mwisho wa fungu, Miriamu. Alimsema ndugu yake, akapigwa ukoma, akafungiwa nje ya kambi siku saba. Watu wote walikaa, hawakuondoka mpaka aliporudishwa. Hapo sauti ilinikwama, Codron akadhani nimesahau, akanitajia neno. Sikuwa nimesahau.

Kaseti zinafika vizuri. Codron amekuwa mwema siku hizi, juzi alikuja dukani kaseti ikiwa imezimwa, akaona bahasha yako mezani, nyuma ina anwani tu bila jina, akainakili. Sijui anataka nini.

Nissim

*

Ashdodi, 6 Julai 1995

Nissim,

Mimi mzima. Davi mzima. Salamu kwa Sarina, yeye hana kosa.

Nimepokea barua kutoka Kwekwe, kwa kalamu ya wino, mwandiko wa kupendeza. Imeandikwa, "Kwa Mheshimiwa Rabi Vitali Galante." Mwenyekiti Codron anamshukuru Mheshimiwa Rabi kwa kazi njema. Anasema kupitia kwa Nissim wanaisikia sauti ya mwanamume mchaji wa kale, na kwamba tangu marehemu Avram Galante, baba yetu, hawajasomewa hivyo. Anauliza kama Rabi ni binamu yetu wa upande wa kisiwa cha Rhodes. Anamwombea Rabi na mke wake.

Nimenyoa ndevu zangu, nikaenda kazini kupika.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu la kumtosha. Sikukuomba kitu, Nissim. Sikuomba shukrani wala posho ya kaseti. Nilikuomba useme jina langu. Umeweza kushika sura thelathini za Torati kichwani, jina moja likakushinda! Baba alinifungia mlango, nikasema ni mtu wa zamani. Wewe je? Wewe umenivalisha suruali ukaniingiza ndani.

Juma lijalo tunasoma habari za binti za Selofehadi, wale watano waliosimama mbele ya Musa na wakuu wote wakadai urithi wa baba yao. Mungu akasema wanasema haki. Hawakumtuma binamu.

Kaseti ya tarehe 15 Julai ulishaipata. Hiyo ni ya mwisho. Mafungu yako mawili usomeshwe na Vitali.

Vida

*

Kwekwe, 23 Julai 1995

Dada yangu Vida,

Leo sina habari za kuku. Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama mlangoni mwa duka, na Ngwenya akazima kaseti bila kuambiwa.

Nitakujibu kwanza uliloniuliza Februari.

Mlango niliufunga mimi. Siku ile ulipolitaja neno kutoka jikoni, baba hakukasirika. Alicheka chinichini. Akaniambia, "Umemsikia dada yako? Huyo amenishinda hata mimi." Alikuwa na fahari, Vida. Nilikuwa na miaka kumi, na hakuwahi kunitazama hivyo. Kesho yake nikamwambia kwamba shuleni wavulana wananicheka, wanasema kwa Galante msomaji ni msichana na baba anafuata. Uongo mtupu. Hakuna aliyejua. Alhamisi iliyofuata baba akainuka akaufunga. Alifanya kwa ajili yangu. Nami sikujifunza hata aya moja.

Na Aprili, Codron alipouliza mwalimu wangu ni nani, nilimwona baba akicheka vile tena, na ulimi ukasema Vitali. Ni wivu uleule. Mwanamume wa miaka hamsini na sita! Naona aibu hadi kwenye mifupa.

Sasa jana. Nilisoma fungu la binti watano, bila kosa. Gombo lilikuwa bado wazi, nikashika meza kwa mikono miwili nikasema, "Ngojeni. Hakuna Rabi Vitali. Mwalimu wangu ni dada yangu Vida."

Codron akauliza, "Vida gani?"

"Vida binti Avram."

"Vida aliyenisukuma mferejini?"

"Huyo huyo."

Akawa mwekundu. "Miezi minne tumesomewa na mwanamke!"

"Mmesomewa na mimi. Nimefundishwa na mwanamke. Wewe kuongea ulifundishwa na nani, askari?"

Wengine wakaanza kucheka, wengine wakasimama. Kelele kila upande. Bohor Hasson akagonga fimbo yake sakafuni. "Mimi nilijua tangu Machi," akasema. "Avram alikuwa anavuta pumzi katikati ya aya. Huyu havuti. Yule binti alikuwa akiimba akianika nguo, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ua. Niliacha kazi kila Jumatatu kumsikiliza. Nilidhani nyote mnajua, mnaona haya kusema tu."

Codron akamgeukia. "Na wewe hukuniambia?"

"Ungelifunga dirisha nisimsikie tena."

Codron akamwacha mzee. Akanijia mimi, kidole mbele. "Ya mwanamke tutazungumza baadaye. Wewe ulinidanganya. Nimemwandikia barua mtu asiyekuwepo, nimemwombea na mke wake! Sabato ijayo ni mafungu mawili. Sikutajii neno. Hakuna atakayekutajia. Ukikwama, Jumatatu lori linakuja kuchukua magombo. Kesho nalipigia simu."

Nikasema, "Sawa."

Barua hii itakufikia baada ya tarehe 29, kwa hiyo sikuombi kaseti. Sistahili. Ninacho kitabu cha kuchapwa chenye alama za sauti. Siku zile zilikuwa mikwaruzo tu machoni pangu, sasa kila alama nikiitazama nakusikia ukiifanya. Nafunga duka wiki nzima. Ngwenya amesema atakuja hivyo hivyo, kukagua.

Nitasoma zote.

Nissim

*

Kwekwe, 3 Agosti 1995

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa dukani, na mikono ina grisi, usijali madoa. Sarina anakusalimu mara tatu. Alegra amepiga simu, anasema kuna mtu, mhandisi, na tusiulize zaidi. Sarina hajalala.

Jumamosi tulikuja wote kumi na mmoja, hata Hasson mwenye homa, amefungwa blanketi. Codron alikaa karibu yangu kabisa, kitabu magotini, mdomo umefungwa.

Fungu la kwanza nilipita. Viapo, vita, makabila mawili na nusu yanayotaka kubaki ng'ambo ya mto na ng'ombe wao. Nilienda nalo mbio kidogo kwa hofu, lakini nilipita. Katika la pili, zile safari. Wakasafiri kutoka hapa wakapiga kambi pale. Vituo arobaini na viwili, majina ambayo hayafanani na kitu chochote. Siku zote niliona ni orodha ya kuchosha. Jumamosi niliona kwamba mengi ya majina hayo hayatajwi tena popote. Hakuna kilichotokea huko, walilala tu wakaondoka, na bado yameandikwa, na bado lazima mtu ayataje moja moja kwa sauti. Hakuna kambi ndogo ya kurukwa.

Nikakwama. Kwenye mipaka ya nchi, karibu na mwisho. Neno lipo mbele ya macho, herufi zake naziona, mdomo haujui. Codron kidole chake kilikuwa juu ya neno lenyewe kitabuni. Hakulitaja. Nikahesabu pumzi zangu, tano, sita. Hasson akakohoa. Niliona lori.

Basi nikarudi mwanzo wa aya na nikaacha kutafuta neno. Nikaimba tu ile sauti yako, ya taratibu, isiyovuta pumzi katikati, na ilipofika mahali pale ikalitamka yenyewe. Nilikuwa ninalia, na sikujali nani anaona. Nikaendelea hadi kwa binti za Selofehadi, maana ndio wanaokifunga kitabu kizima. Wapo mstari wa pili kabla ya mwisho, kwa majina yao matano.

Watu wote wakasimama, ndiyo desturi tukimaliza kitabu, wakaniambia kwa sauti moja niwe hodari, na tutiane nguvu. Hasson alipiga kelele mpaka blanketi likaanguka. Codron alifunga kitabu chake, akaiweka kofia yake sawa, akatoka bila kunipa mkono.

Jumatatu nilikaa kwenye ngazi za sinagogi tangu asubuhi. Lori halikuja. Magombo yapo kabatini mwao, yote matatu.

Na jana posta wakaniletea kifurushi chako. Muhuri wa Ashdodi, 12 Julai. Siku sita tu baada ya ile barua yako. Ndani mna kaseti mbili, mafungu mawili kamili, na hakuna hata kipande cha karatasi. Ulisema hutatuma, ukatuma. Zimekaa njiani wiki tatu na kufika siku nne baada ya kazi kwisha! Nilizishika nikacheka peke yangu, kisha sikucheka tena. Ulikuwa hujapata neno langu lolote, si la mlango wala la jukwaani, na ukakaa jikoni kwako ukanisomea aya mia mbili arobaini na nne huku umenikasirikia.

Nikaiweka ya kwanza. Mimi na Ngwenya tukaacha kazi. Hazijapita dakika tano, Codron akaingia, anasukuma baiskeli ya mjukuu wake ambayo haina ubovu wowote, nimeikagua. Akasimama. Nilinyoosha mkono kuzima, akanizuia.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Aliegemeza baiskeli ukutani. Akavuta kreti, akaketi, akatoa kitabu mfukoni, akatafuta mahali, na akaanza kufuata kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyonifanyia mimi kila Sabato. Ngwenya akainuka kusema kitu kuhusu pampu, Codron akamwonyesha mkono akae. Wateja wawili walikuja wakaondoka. Nilikuwa natazama kile kidole. Hakikusimama hata mara moja, Vida. Hakupata kosa hata moja.

Upande ukaisha, mashine ikakatika. Nikangoja aseme lake, mwanamke, mferejini, Vitali, chochote. Hakuinua kichwa. Aliacha kidole pale pale kilipofika, ili asipoteze mstari.

"Geuza upande wa pili," akasema.

Nikageuza.

Mdogo wako,
Nissim